Sailensa Fupi ya Eleuterio Pupo

Ukiwaomba watu wa mtaa wetu wamseme vizuri Eleuterio Pupo, watafikiri kidogo, kisha watakuambia kwamba hajawahi kumpiga mtu. Hapo wameishia. Alikuwa mweka stoo wa kiwanda cha matofali nje kidogo ya Holguín, kazi ya kukaa kitini na kuwaambia watu kwamba wanachotaka kimekwisha, lakini akikutana na mgeni alijitambulisha kuwa mvumbuzi. Alivumbua feni, ikatafuna pazia la dada yake. Akavumbua mtego wa panya, akanaswa yeye mwenyewe kidole gumba. Kitu pekee alichokitengeneza kikafanya kazi ni rikimbili yake, na hiyo nayo haikuwa ajabu, maana nusu ya mji walikuwa nazo: unachukua baiskeli ya Kichina, unaifunga injini yoyote uliyoiokota, unapiga ishara ya msalaba, unaondoka.

Injini yake ilitoka kwenye mashine ya kupulizia dawa ya mbu, zile ambazo watu wa afya huingia nazo nyumba kwa nyumba zikinguruma na kumwaga moshi mweupe, nanyi mnangoja nje na viti vyenu. Mashine hiyo ilikuwa imetupwa kama chakavu. Eleuterio aliifunga pamoja na tangi lake la kijani, namba za idara zikisomeka ubavuni, kwa sababu kupaka rangi ni kazi na yeye alikuwa mtu wa mawazo. Ekzosi lilikuwa bomba refu lililogonga pedali na kumbabua mguu, na kelele zake zilifika mahali kabla yake. Sheria hairuhusu rikimbili barabarani. Yeye alikuwa na moja iliyojitangaza.

Ndipo akampenda Nereida.

Nereida alikuwa mshonaji, mjane, anayeishi ng'ambo ya reli. Walikutana kwenye foleni ya mkate, na kwa sababu ambazo sisi hatujazielewa mpaka leo, hakumfukuza. Siku moja akamwambia, "Jumapili mchana njoo unywe kahawa. Lakini hicho kidude chako nisikisikie mtaani kwangu."

"Kwani kina nini?"

"Kina mdomo. Wewe utakunywa kahawa uende zako, mimi nitabaki na majirani. Sitaki wajue nimepata mgeni wa kiume kabla mimi mwenyewe sijajua kama namtaka. Njoo kimyakimya kama watu wengine. Ukija na kelele, usirudi tena."

Mtu yeyote mwenye miguu miwili angeelewa. Dada yake, Migdalia, ambaye ndiye aliyempikia na kumfulia, alielewa mara moja.

"Tembea," alimwambia. "Ni mwendo wa sigara mbili."

"Mimi, nitembee? Nifike kwa mwanamke nikihema kama mbuzi?"

"Basi piga pedali. Baiskeli ina pedali, sijui kama umewahi kuziona."

"Pedali ni za watu wasio na mawazo, Migdalia."

Akaingia bandani. Alikuwa na kizimamoto kidogo kilichotoka kwenye gari la Kirusi, kopo la chuma lisilozidi chupa ya ramu. Akakikata kitako, akapitisha ndani yake bomba lililotobolewa matundu, akajaza pembeni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zote alizokuwa nazo Migdalia jikoni, akizishindilia kwa mpini wa nyundo kana kwamba anafunga godoro. Akachomelea kitako, akaifunga sailensa yake chini ya injini kwa boliti mbili, na gasketi akaikata kwenye bati la kopo la dagaa. Haki yake tumpe: ilikaa vizuri. Haikugusa pedali wala haikuunguza mguu. Akaiwasha uani, injini ikiwa baridi, na kweli sauti ilikuwa ndogo, mngurumo wa chini, wa kifuani.

Migdalia alisimama mlangoni akisikiliza. "Umeiziba mno. Haipumui."

"Inapumua kwa adabu. Wewe hujazoea adabu."

"Na hiyo oili unayomimina tangini, unakaanga nini?"

"Injini iliyobanwa hutaka oili zaidi. Usiniulize mambo ya kitaalamu."

Akaizima kabla haijapata moto, kwa sababu alikwisha ridhika. Kuridhika kwake ndiko kulikokuwa kwepesi kuliko vyote.

Jumapili akavaa shati jeupe la mikono mirefu, akamnyang'anya Migdalia pudini ya mayai aliyokuwa amewapikia wajukuu, akaifunga kwenye kapu la mbele, akaondoka. Mpaka kwenye reli alikwenda kimya kama alivyoagizwa. Baada ya reli sailensa ilipata moto. Oili yote iliyokuwa imelowanisha zile nyuzi ikaanza kuungua, na nyuma ya baiskeli ukatoka moshi mweupe, mzito, ukajaza barabara toka ukuta hadi ukuta. Yeye hakuuona. Mtu anayejiona mrembo haangalii nyuma. Alisikia tu ule mngurumo wa chini, wa kifuani, akaupenda.

Watu wa mtaa wa Nereida nao waliusikia, na waliujua. Ulikuwa mngurumo wa mashine ya mbu, wenyewe hasa, na harufu ile ile.

Wa kwanza kutoka alikuwa Obdulio, mstaafu wa reli, na tundu la ndege wake mkononi. "Hata Jumapili?" alisema. "Mbu hawana mapumziko?"

"Funika wali, Obdulio," jirani mmoja alimpigia kelele.

"Nimeufunika. Nisaidie kumtoa mama."

Bibi mmoja akatolewa na kiti chake cha kubembea. Wanawake wakatoka na vibano vya nywele kichwani, mwanamume mmoja na sabuni usoni. Madirisha yakafungwa, watoto wakahesabiwa. Eleuterio Pupo alipofika kwa Nereida, mtaa wote ulikuwa umepanga viti kando ya barabara ukimtazama.

Nereida alikuwa mlangoni amevaa nguo ya bluu. Harufu ya kahawa ilitoka nyuma yake.

Hortensia, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwanamke ambaye hata paka wakizaa huambiwa, alimsogelea. "Mwenzangu, mbona sikupewa taarifa? Na tangu lini mnakuja kwa baiskeli?"

Eleuterio aliangalia tangi la kijani na namba zake. Akaangalia moshi. Hapo kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nimekuja kutembea, na yote yangekwisha kwa kicheko. Lakini Hortensia angeuliza kibali cha rikimbili, na majirani wangecheka, na Eleuterio Pupo hakuwahi kukubali kuchekwa akiwa amevaa shati jeupe.

"Operesheni maalumu," alisema. "Kifaa kipya."

"Sailensa yake ndogo," alisema Obdulio, akiinama kuitazama.

"Fupi," Eleuterio alimsahihisha. "Nimeibuni mwenyewe."

"Basi anza kwangu," alisema Obdulio, "nina wali motoni."

"Aanze hapa," alisema Nereida. "Mimi ndiye niliyekuwa namngoja."

Aliingia ndani, akatoka amebeba mikononi gauni alilokuwa akimshonea binti wa watu anayetimiza miaka kumi na tano, jeupe, lenye marinda, akalikabidhi kwa jirani lisiingie moshi. Kisha akamkaribia Eleuterio mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la mvumbuzi.

"Waambie ukweli," alimwambia taratibu. "Watacheka, na mimi nitacheka, kisha utaingia unywe kahawa. Kelele nilizokataa ni za kusengenywa. Za kucheka sina neno nazo."

Tunajua alichosema kwa sababu Nereida mwenyewe alitusimulia, na hakuwa akicheka aliposimulia.

Eleuterio alikohoa. Akapandisha sauti ili Hortensia asikie. "Tafadhali, mama, toka nje. Dawa hii ni kali."

Nereida alimtazama kidogo. Akachukua kiti chake, birika la kahawa na vikombe, akatoka akaketi kati ya Obdulio na yule bibi. "Mpulizaji huyu ni mzuri sana," aliwatangazia. "Asiruke nyumba."

Na hakuruka. Aliingiza baiskeli kwa Nereida, gurudumu la nyuma likiwa juu ya stendi, injini ikinguruma, akatoka na machozi. Akaingia kwa Obdulio. Akaingia kwa Hortensia, ambaye alimrudisha akapulize chini ya kitanda. Kila alipotoka, shati lilikuwa jeusi zaidi na watu wa barabarani walikuwa wamefika mbali zaidi na maongezi yao. Obdulio aliichukua pudini kapuni akauliza ni ya nani. Eleuterio, akiwa ofisa wa afya, hakuweza kuwa na pudini. Wakaila. Nereida akawamiminia kahawa.

Kwenye nyumba ya mwisho sailensa iliziba kabisa, injini ikakata roho sebuleni kwa watu. Aliitoa kwa kuisukuma. Akapita mbele ya Nereida, akasimama.

"Jumapili ijayo?" aliuliza, kwa sauti ya chini sasa, sauti ambayo angepaswa kuitumia mapema.

"Watu wa afya huja bila kualikwa," alisema Nereida. "Mwaliko wangu usiungoje." Akamgeukia Obdulio. "Ndege wako anaimba, au anakaa tu?"

"Anaimba asubuhi," alisema Obdulio. "Uje umsikie."

Eleuterio alisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Pedali zilikuwepo, hazikumgusa wala hakuzigusa. Sasa anawaambia wageni kwamba Nereida ni mwanamke asiyejua mashine.