Kivuli cha Nyundo kwenye Ekrani

Binti yangu namuita mama, maana ana jina la mama yangu. Yeye huniweka kwenye kiti cha plastiki nyuma yake, niangalie anavyochora mabango kwa kompyuta. Mimi niliyachora kwa mkono, na shule niliiachia njiani, kwa hiyo maneno ya kwenye ekrani, kile kioo chake, siyasomi haraka. Lakini kazi nzuri naijua nikiiona.

Sasa, pale kuna vidirisha vidogo vya vyombo: kimoja cha rangi, kingine cha herufi, kingine cha kalamu. Unaweza kuvibana ukingoni vikatulia, au kuviacha vielee, uvivute popote. Yeye alipenda vielee. Alikuwa na ekrani mbili, akavipeleka vyote kwenye ile ya pili ili bango libaki peke yake, halifunikwi na kitu. Nilimsifu. Hata mimi sikupenda makopo ya rangi mbele ya macho.

Ijumaa moja courant, umeme wetu, ikakatika, ikarudi na ile nguvu yake tunayoijua, ikachoma ekrani ya pili. Na siku hiyo tulikuwa na bango la mama mmoja wa Golf, mtaa wa wenye pesa, anayefungua saluni, padri anakuja kuibariki kesho yake asubuhi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya binti yangu kutoka Golf. Kule wakikusifu wanaambiana, wakikucheka wanaambiana vilevile. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pale, mkoba magotini, nyekundu ya bango haimpendezi.

"Hii iko ya damu," akasema. "Miye nataka ya nyanya. Bantu banakuya kusuka nywele, hapana kuchomwa sindano."

Binti akatafuta kidirisha cha rangi. Hakipo. Akaangalia kwenye orodha, alama inasema kiko wazi. Akakifunga, akakifungua tena. Kiko wazi, na hakionekani.

"Labda kimeenda mpakani Mokambo kutafuta bunga ya ugali," nikasema.

"Baba, usianze."

"Munacheka," mama wa Golf akasema, "na padri hangojake muntu."

Binti akageukia ekrani iliyoungua. "Kilibaki ku ile ingine," akasema polepole. Ndivyo ilivyokuwa. Mashine haikujua kwamba ekrani ile imekufa, ikaendelea kuweka kidirisha palepale alipokiacha, mahali ambapo hapapo tena.

Mimi nikiogopa, naongea. Nikaanza kumsimulia yule mama habari za ateliye ya reli, karakana nilikofanya kazi kabla ya mabango. Ukutani kila chombo kilikuwa na kivuli chake cha rangi: nyundo kivuli cha nyundo, msumeno kivuli cha msumeno. Ni mimi niliyevipaka. Jioni kivuli kimoja kikiwa kitupu, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka chombo kirudi. Mama wa Golf aliangalia saa yake, sikuacha.

Nilikuwa bado kwenye msumeno, binti akaona chini kabisa ya orodha mstari unaosema kurudisha kila kitu mahali pake. Akabonyeza. Vidirisha vyote vikaja vikajipanga ukingoni, cha rangi kikiwemo. Akatafuta nyekundu, akaipunguza giza, akaongeza manjano kidogo.

"Njo hii," mama wa Golf akasema. "Hii ya nyanya."

Halafu binti akaanza kuvipanga upya. Akavuta kimoja karibu na ukingo, na kabla hajakiachia, pale ukingoni pakatokea kivuli cha buluu, ukubwa uleule wa kidirisha, kinakingoja. Nikasimama.

"Mama, rudia."

Akarudia. Kivuli kikaja tena. Aliyebuni kitu hicho simjui, wala sijui anaishi wapi, lakini nilitamani kumpa mkono. Huyo amewahi kutafuta koleo jioni, watu wote wakimngoja.

Cha rangi peke yake akakiacha kinaelea, pembeni kidogo ya bango.

"Hiki hukibani?"

"Baba, na weye brashi yako ulikuwa unaiweka wapi?"

Nikagusa nyuma ya sikio, kulikokuwa mahali pake. Kweli, brashi yangu haikuwahi kuona msumari wa ukutani.

Bango lilichapwa jioni ileile. Asubuhi padri akanyunyiza maji mlangoni, mengine yakafika mpaka kwenye nyekundu, nayo haikuchuja. Yule mama akamshika binti yangu mkono mbele ya wageni: "Njo huyu alichora." Mgeni mmoja mwenye duka la viatu akasogea. Rangi ya bango lake alikuwa ameshaichagua: ya ndizi, lakini isiyoiva sana.