Mshono wa Mshazari

Siku ile ghalani tulikuwa watu saba. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba wa wazazi wawili marehemu, fundi wa maturubai ya malori. Alikuwepo fundi mkuu wa kambi ya ndege za kivita, mtu wa makamo, ovaroli yake imefuliwa mpaka rangi yake haijulikani. Alikuwepo luteni wake, mhandisi kijana aliyesomea ng'ambo. Alikuwepo msimamizi wa ghala la katani, aliyetuazima nafasi na marobota yake. Walikuwepo wapagazi wawili wa marobota hayo, ndugu kutoka Kigoma. Wa saba alikuwa baba yangu mdogo, aliyeshuka nami kutoka Mamba, kijiji chetu cha mlimani, hadi tambarare ili ashuhudie nikishindwa.

Simsingizii. Alinieleza mwenyewe njiani.

"Leo ukishindwa, kesho nawagawa wadogo zako. Wasichana wawili waende kwa shangazi yao Usangi. Huyu wa mwisho atakaa kwangu na mbuzi."

"Na nikishinda, baba?"

"Msichana aliyeishia darasa la sita ashone ndege?" Akacheka, tukaendelea kushuka.

Hakuwa mtu mbaya. Miaka ile duka lilikuwa na rafu na mwenye duka tu. Sabuni tulipanga foleni, sukari tulipanga foleni, na vinywa vitatu vya ziada vilikuwa vinywa vitatu. Lakini siku tuliyomzika baba, karibu na mama, niliwaambia wadogo zangu kwamba hatugawanywi. Sisi hatukuwa nyama ya mbuzi. Niliacha shule mwaka huo huo, nikajifunza kushona kanisani, kisha nikapata kibaraza mjini Same, pembeni mwa barabara kuu, nikishonea malori maturubai.

Hapo ndipo fundi mkuu aliponikuta. Turubai la lori lao lilikuwa limechanika, nami nikalishona huku amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza alilishika kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote, likamkatalia. Akavuta kigoda akakaa.

Alinieleza kwamba ndege ya kivita inapotua huwa na kasi kubwa kuliko breki zake zinavyoweza kuzuia. Kwa hiyo mkiani hufungwa mwavuli mkubwa wa kitambaa. Ikigusa ardhi, mwavuli hufunguka nyuma yake na kuivuta, kama mtu anayemkamata ng'ombe mkia. Ndege zao zilinunuliwa enzi za neema. Sasa zilikuwa zimezeeka, miavuli imechakaa, na mipya ilitaka fedha za kigeni. Bila mwavuli, rubani hukanyaga breki mpaka matairi yanaisha, na matairi nayo hayakupatikana.

"Ndege tunazo," alisema, "marubani tunao. Tumeshindwa na kitambaa."

Sharti alilitoa luteni. Nichukue mikanda miwili ya mwavuli uliokufa, niiunganishe. Mkanda mmoja ufungwe kwenye boriti ya ghala, mwingine ubebe jukwaa la mbao lililoning'inia shubiri moja kutoka sakafuni. Juu ya jukwaa yapangwe marobota ya katani, moja baada ya jingine. Mshono ukibeba manne, kazi yote ya miavuli ni yangu, na nitaweza kupanga chumba Same nikae na wadogo zangu wote. Usipobeba, basi.

Nilishona kama nilivyozoea. Sindano nene, tundu karibu na tundu, mistari mitatu iliyonyooka kukata upana wa mkanda. Turubai unalishona hivyo, ukalirudia na kulirudia, mpaka hata maji yakate tamaa. Uzi tuliufumua kutoka mwavuli huo huo, maana uzi wa namna hiyo haukuuzwa popote.

Robota la kwanza likakaa. La pili likakaa. Wapagazi walipoliviringisha la tatu na kuliachia, tulisikia mlio mfupi, jukwaa likaanguka sakafuni, na vumbi la katani likatufunika sote.

"Dada," alisema mpagazi mkubwa akikohoa, "usihuzunike. Njoo utushonee suruali."

"Ya kwako itabeba?" mdogo wake akamuuliza. "Wewe peke yako ni robota."

Baba mdogo alikuwa ameshavaa kofia yake. "Haya. Twende nyumbani kabla jua halijawa kali."

"Bado, baba."

"Bado nini? Umeona mwenyewe. Usitutie aibu mbele ya wageni."

Niliokota vile vipande. Uzi wangu ulikuwa mzima, haukukatika hata mmoja. Kilichokatika kilikuwa mkanda, sawasawa juu ya mstari wa matundu yangu, kama stempu inavyochanika kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimeutoboa mkanda mpaka nikauua kwa mkono wangu, nikidhani naupa nguvu.

"Makosa ni yangu," nilimwambia luteni. "Nimeyaona. Nipe mikanda mingine."

"Tulikubaliana mara moja."

"Ulisema nishone mshono ubebe manne. Hukusema mara ngapi."

Luteni alimtazama fundi mkuu. Fundi mkuu alikuwa anatazama kile kipande mkononi mwangu. "Afande," alisema, "nimeshafanya kazi na mafundi wenye vyeti. Kikivunjika kitu, wanalaumu chuma. Mpe."

Wao wakaenda kula. Mimi nilikaa na mikanda magotini nikiwaza, na nilichokiwaza ni mfereji. Kwetu Mamba maji hutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji lililochimbwa na mababu, yakashuka mashambani kwa mifereji. Pembe ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwenda kuisafisha, na kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Nilianza kwenda nikiwa mtoto, mwaka aliokufa mama, nikasimama karibu na jirani yetu, mjane mwenye mikono kama mizizi. Ndiye aliyenipiga kofi mgongoni aliponiona nachimba moja kwa moja kuelekea bondeni.

"Ukiuchimba wima," alisema, "mvua moja inaubomoa. Ulaze mshazari. Nguvu ya maji uigawe, kila mahali pabebe kidogo."

Nilibadili sindano nikachukua nyembamba. Nikayapunguza matundu, nikayaachanisha. Sikukata upana wa mkanda tena. Nilishona mshazari, kwenda na kurudi, pembe kwa pembe, mshono mrefu unaolala kama mifereji yetu ilivyolala mlimani.

Robota la kwanza. La pili. La tatu, na hapo hakuna aliyetania. La nne lilipowekwa, mkanda ulilia kidogo, ukanyamaza, ukabeba.

"Yatosha," alisema luteni.

"Ongeza moja," nilisema.

"Nimesema yatosha. Umeshinda."

"Hilo la tano si la kwako, afande. Ni la baba mdogo."

Wapagazi hawakungoja amri. Waliliviringisha la tano, wakaliachia. Jukwaa likayumba, likatulia. Tulisimama tukilitazama mpaka msimamizi wa ghala akauliza kama anaweza kurudishiwa mali yake.

Tulipofika nusu ya mlima baba mdogo alisimama kupumzika. Hapo ndipo aliponikumbusha. "Alfajiri tukitoka, pembe ilipigwa. Nyumba yako haikutoa mtu. Watakufungia maji, na tangawizi yako itakauka. Nyumba isiyotoa jembe si nyumba, mwanangu. Hilo hata ndege haiwezi kulibadili."

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilipanda mlima uliobaki kwa haraka. Tulipofika shambani kwangu, maji yalikuwa yanapita mferejini. Wadogo zangu walinisimulia. Wazee walipoita nyumba moja moja, wakafika kwetu, hapakuwa na mwenye jembe; wadogo zangu walikuwa bado hawaliwezi. Yule mjane alikuwa ameshafanya zamu yake asubuhi na alikuwa anaondoka. Akageuka, akasema, "Ipo," akarudi mferejini akafanya zamu ya pili, ya kwetu, mpaka jioni.

Hatukugawanywa. Nilishona miavuli ile kwa miaka mingi, ikiletwa Same imekunjwa ndani ya mifuko. Milango ya biashara ilipofunguliwa, mji ukajaa mitumba na redio, na wafanyabiashara wakaanza kupita na sampuli zao. Ndege zilibadilishwa vyombo, zikatiwa mitambo mipya, wataalamu wakaja na kuondoka. Mmoja aliushika mshono wangu akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia Mamba. Aliandika. Mara moja walinipeleka kambini kuangalia. Ndege ilikuja chini kwa kishindo, mwavuli ukafunguka nyuma yake, na ile nguvu yote ikapungua mpaka ikawa gari linalotembea. Fundi mkuu alikuwa pembeni yangu. "Huo ni wako," alisema, nami nilikuwa nimeshautambua.

Wadogo zangu watatu walisoma mpaka walipotaka kuishia. Baba mdogo alikuja kwenye harusi zao zote, akakaa mbele.

Nimewataja wote waliokuwepo siku ile. Mjane hakuwepo, alikuwa mferejini kwa jina letu. Nilimpelekea kanga, akaipokea, akasema kanga si jembe. Nilimpelekea kijana wa kumlimia, akamrudisha. "Siku nilikupa mimi, kwa mgongo wangu," alisema. "Siku hulipwa kwa siku. Pembe ikipigwa, uje wewe." Kila ilipopigwa nilikuwa Same na miavuli mezani.

Sasa nimeacha kushona, macho hayataki. Nilipanda Mamba na jembe langu, nikamkuta amekaa mlangoni, mzee sana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwambia nimekuja kulipa siku yangu. Akaninyooshea mkono kule mlimani. Mfereji umejengwa kwa saruji, kuanzia ndiva hadi chini. Pembe haipigwi tena.

"Umechelewa," alisema. "Bado unadaiwa."

Nikaliegemeza jembe ukutani kwake, nikakaa.