Mlango wa Pili wa Bafu

Harufu ya saruji mbichi bado hunitia shaka. Wiki hii imenirudia katika nyumba ya marehemu baba, pale Homa Bay, ninaporekebisha jiko na bafu kwa mikono yangu mwenyewe; na kila ninapoinusa, nasikia chaki ikikwaruza sakafu.

Katika miaka ya tisini baba alikuwa karani, mtu wa maneno machache, asiyemwamini fundi yeyote. Nyumba aliyoinunua ilikuwa kuukuu: jiko lilijaa masizi, na bafu lilikuwa uzio wa mabati huko chini mteremkoni. Siku moja alitangaza kwamba bafu litahamia ndani, ubavuni mwa jiko, na kazi ataifanya mwenyewe. Ramani aliichora kwa chaki sakafuni. Mama akawa anasonga ugali akiwa amesimama ndani ya bafu lisilokuwapo, nami nikagombezwa kwa kupita ukutani.

Tulifurahi sana. Mama alichekecha mchanga huku akiimba. Kisha baba akachora mlango wa pili wa bafu, unaotokea uani, ukielekeana na chumba cha nje tulichowekea magunia. Magunia yakatolewa, chumba kikapakwa chokaa. Baba hakueleza lolote.

Jirani yetu Mama Atieno, muuza omena, alieleza kwa niaba yake.

"Nyar Migori," alimwambia mama, akimwita binti wa kwao kama ilivyo desturi yetu, "chumba kimepakwa chokaa, mlango umechorwa kando, na wewe bado unachekecha mchanga? Mwenzako atakuja aoge na maji yako!"

"Nani amekuambia?"

"Si watu wanasema!"

Watu hao sijakutana nao hadi leo, ingawa nimesikia maneno yao maisha yangu yote.

Jioni mama alisimama juu ya mstari wa chaki. "Baba Ouma, mlango huu ni wa nani?"

"Wa bafu."

"Bafu lina mlango tayari."

"Sasa litakuwa na miwili," baba alijibu, akaiinamia pimamaji yake kana kwamba ndiyo iliyouliza.

Mama aliweka chini chekecheke. Alisema ukuta huo ukitobolewa, atarudi kwao Migori pamoja na sisi watoto. Nami nikaanza upelelezi: kila mwanamke aliyemsalimu baba sokoni nilimpima kwa macho, nikikadiria kama angeenea katika mlango ule.

Jumamosi ukuta ulitobolewa. Mama alikuwa akifunga nguo zetu katika shuka gari liliposimama barabarani. Akashuka shangazi, dada yake baba, akimshika mkono bibi mmoja mwenye fimbo na miguu iliyovimba. Alikuwa nyanya, mama yake mama. Baba alipomwona alidondosha mwiko, akaruka ua akiwa na fulana iliyotapakaa saruji, akatokomea vichakani kama mwizi wa kuku, maana kwetu mwanamume humkwepa mama mkwe wake kwa heshima.

Mama alibaki ameshika furushi.

"Atatibiwa hapa mjini," shangazi alisema. "Kaka ndiye aliyeniomba nimlete. Ama ulitaka apite sebuleni kwa mkwewe na taulo begani? Ama ateremke kule chini kwa miguu hii?"

"Mbona hakuniambia?"

"Mwanamume ataje kuoga kwa mama mkwe wake? Tena mbele ya watoto? Wewe!"

Shangazi alicheka, mama hakucheka. Alifungua furushi, akatoa kanga safi, akaitundika kwenye mlango ule uliokuwa bado hauna ubao, kisha akaenda kuchemsha maji. Jioni Mama Atieno alipita akisema kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa anakuja mgeni wa heshima.

Kwa miaka mingi nilidhani kisa hiki kinahusu ubaya wa uvumi. Sasa naona kwamba uvumi uliingia mahali ambapo adabu ilikuwa imenyamaza. Baba alikuwa tayari kudhaniwa msaliti nyumbani kwake kuliko kutamka neno lisilomstahili mkwewe.

Jana mke wangu, ambaye mama yake kule Rangwe ameanza kulemewa na magoti, alisimama juu ya chaki yangu.

"Mlango huu wa nje unakula nafasi ya kabati. Kwa nini usiuzibe?"

Niliinamia pimamaji. "Bafu litabaki na miwili," nilisema.

Alinitazama kwa jicho ninalolifahamu vizuri sana. Leo hii, kabla jua halijatua, nitampigia simu dada yangu aje amweleze.