Makombo ya Nguruwe

Juzi, kwenye foleni ya kuchukua vitoto vya nguruwe ofisi ya mifugo mjini Musoma, mbele yangu alisimama mama wa kijiji cha Buswahili na gunia la kubebea wake. Mumewe amepunguzwa kazi kiwandani. Nyama wanaiona buchani tu.

“Nguruwe hana gharama, mama,” bwana mifugo akamwambia. “Mpe makombo.”

“Makombo ya nani?”

“Ya kwenu. Ugali unaobaki.”

Mama akamtazama kama aliyetukanwa. “Kwangu watoto wanakwanguaga mpaka ukoko.”

“Basi mpe pumba.”

“Pumba ndiyo uji wetu, baba.”

Akalikunja gunia taratibu, akalibana kwapani, akatoka.

“Ndugu unayefuata!”

Nikaficha gunia langu mgongoni, nikasema nimepita kusalimia tu.