Tufaha la Harusi na Sauti ya Dobrila

Siku Dobrila Stojkov alipozaliwa, mkunga alitangaza kwamba ni mvulana. Hakuwa ameangalia; alikuwa amesikia kilio tu. Kilikuwa kizito, cha chini, cha mtu aliyekwisha kuvuta sigara miaka arobaini. Hapa kijijini kwetu Gornja Lokva mbuzi ni wengi kuliko watu, na tangu siku hiyo mbuzi walijua nani mkubwa.

Baba yake, Tihomir, alikuwa mpiga kodiani wa harusi zote za bonde letu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa mama mkwe yeyote. Binti alianza kuimba naye akiwa na miaka kumi na saba, juu ya tela la trekta, huku wanawake wakibanika pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. Akiimba habari za mwanamume aliyeondoka, wake za watu walilia, kisha wakawatazama waume zao kwa masikitiko kwamba wao bado wapo.

Akiwa na ishirini akapanda basi kwenda Belgrade. Huko produsa mmoja mwenye mikufu mitatu shingoni alimsikiliza, akajikuna kidevu.

"Dada, sauti unayo. Tatizo lake inasikika mno."

Basi wakaipeleka studio, wakaipaka sukari, wakaipandisha kwa mashine mpaka ikafanana na kengele ya baiskeli. Jina likawa Dina Dijamant. Nywele zikawa za njano, pua ikapunguzwa, midomo ikaongezwa. Ilikuwa kama bajeti ya serikali, hiki kinakatwa, kile kinapandishwa, na mwananchi haambiwi kwa nini. Na kwa kuwa hakuna koo la binadamu linaloweza kulia kama kengele ya baiskeli, jukwaani alikuwa anafungua mdomo tu, mashine ndiyo inaimba.

Usidhani aliteseka. Alifurahi sana! Alijaza kumbi toka Novi Sad hadi Vranje, akaolewa mara mbili, na mabeki wa pembeni wote wawili wa timu moja ya mpira, akaachana nao kwa vicheko. Alimjengea baba yake nyumba ya ghorofa tatu, naye mzee akaamua kuishi jikoni. Ila kila alipokuja nyumbani aliulizwa lile lile.

"Ipo?"

"Nini, baba?"

"Sauti."

"Ipo."

"Basi tuonjeshe kidogo."

"Nina mafua, baba."

"Mafua miaka ishirini! Angekuwa ng'ombe tungeshamchinja." Na mzee akaapa kwamba hatampigia tena. "Kodiani yangu haisindikizi maiti."

Ukweli, aliomwambia mdogo wake Ljubinka peke yake, ni kwamba hakujua kama ipo. Miaka ishirini hakuimba kwa koo lake, hata bafuni. Aliogopa kuangalia, kama unavyoogopa kufunua pipa la kabichi iliyochachushwa mwaka juzi.

Mwezi wa tisa Nevena, binti wa Ljubinka, akaolewa. Kwetu bwana harusi hamchukui mke mpaka apige risasi tufaha lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu uani kwa wakwe. Bwana harusi huyu, Uroš, alikuwa daktari wa meno wa mjini, mtu ambaye hajawahi kushika silaha kubwa kuliko koleo la kung'olea jino. Mkwe wake, kwa upendo, akachagua mti mrefu kuliko yote.

Jumamosi ya harusi, saa sita mchana, Dobrila alikuwa juu ya tela lile lile la ujana wake, gauni linameremeta, spika kama makabati pande zote. Kiitikio kikafika pale pa "aaa" ndefu, akatanua mdomo. Uroš akafyatua risasi ya tatu.

Tufaha halikutikisika. Waya wa umeme ndio uliokatika, ukaangukia bustani ya kabichi. Spika zikasema "puh", zikanyamaza.

Dobrila akabaki ametanua mdomo, hakuna kinachotoka. Watu mia mbili walimtazama, na nguruwe aliyekuwa anabanikwa pia.

"Ajabu," akasema bibi mmoja. "Redio imezimika, mdomo bado uko wazi."

Nevena akachomoza dirishani na shela lake. "Wewe Uroš! Ulilenga tufaha au kijiji?"

"Nilifumba jicho, mpenzi!"

"Moja?"

"Yote mawili!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kilipokwisha, Tihomir, aliyekuwa karibu na pipa la rakija, pombe yetu kali ya matunda, akauliza kwa upole uliotisha: "Haya, mama. Mafua yamepona?"

Dobrila akatazama getini. Gari lake lilikuwa pale, dereva ndani. Akavua viatu, vyote viwili, akavitupia kwenye kabichi. Akavuta pumzi.

Sauti ya kwanza ilikuwa kama geti lenye kutu. Mbwa mmoja alinyanyuka akaondoka. Ya pili ikatoka kwenye nyayo: nzito, ya chini, pana kuliko zamani, na mabeki wote wawili walikuwamo ndani yake. Bibi wa redio akaketi bila kutazama kama kuna kiti.

Tihomir akakohoa. "Nani kakalia kodiani yangu?"

Akaanza kupiga, na kwa makusudi akaanzia juu kabisa, pale binti alipoimbia akiwa na miaka kumi na saba.

"Baba, shusha! Nina arobaini!"

"Ulinijengea ghorofa tatu. Leo panda wewe!"

Akapanda. Ua mzima ukashikana mikono, ngoma ya duara ikaanza. Uroš akasahauliwa huko kwenye mti wake; risasi ya kumi na nane ndiyo iliyopata, na hakuna aliyeona ila Nevena, aliyetoka dirishani mwenyewe, akamshika mumewe mkono, akamwingiza kwenye duara. Fundi wa umeme alipofika alikalishwa, akajaziwa sahani, na ngazi yake ikafichwa. Umeme ulirudi Jumanne.

Dobrila aliposimama kunywa maji, kope moja ya bandia ikiwa imehamia kidevuni, baba yake akamsogelea.

"Ubeti wa pili umeuwahi kidogo."

"Najua, baba."

"Basi rudia."

Akarudia mara nne.