Kitanda Kilichopunguzwa Miguu

Juzi nilikuwa kwenye karakana moja ya samani huko Kizota, nikisubiri stuli yangu. Binti anayeendesha ukurasa wao wa mtandaoni alimlalamikia fundi: "Watu wamechoka kuona vitanda. Leo tuposti nini?"

Akaingia baba mmoja na kitanda kikuukuu. "Nipunguzie miguu," alisema, akishusha kiganja hadi chini ya goti. "Mama hawezi tena kukipanda."

Fundi akakata. Yule baba akaokota vipande vyote vinne, akavipangusa vumbi. "Mama ataviulizia," alisema.

Binti alikuwa na simu mkononi. Hakurekodi.

Jioni niliufungua ukurasa wao. Posti mpya haikuwa na picha, ila sentensi moja: "Tunapunguza miguu ya vitanda vya wazee."

Chini yake hakuna aliyeuliza bei. Watu walikuwa wanasimulia magoti ya mama zao.