Harelimana Ajifunza Baridi kwa Mama Micheline

Ujumbe wa Marit ulifika kwenye simu ya Umutesi siku ya Jumatatu, baba yake akiwa amekaa mlangoni pa nyumba yao ya Mabanga, mjini Goma, anabadilisha zipu ya begi la mteja. Umutesi aliusoma mara mbili kimya kimya kabla ya kumtafsiria, kwa sababu mara ya kwanza alidhani amesoma vibaya. Yule mama wa Norvège, nchi ya Norwe, alikuwa anamwalika baba yake aende kwao, kaskazini kabisa, mwezi wa kwanza, akalale siku sita kwenye hema juu ya theluji.

Théogène Harelimana aliweka koleo chini. Aliuliza kwanza kama Marit ni mzima. Umutesi akamwambia ni mzima sana, anafundisha vijana namna ya kuishi porini wakati wa baridi kali, na wanafunzi wake ndio waliochanga tiketi ya ndege. Wanataka kumwona mtu aliyembeba mwalimu wao.

Mambo hayo yalikuwa ya mwaka 2019. Kwa miaka kumi na mitano Harelimana alikuwa mbebaji wa mizigo kwenye mlima wa Nyiragongo. Alipandisha mahema, maji, makaa na masanduku ya chakula mpaka kule juu kwenye upepo, na asubuhi akayashusha. Siku moja katika kushuka, Marit, mmoja wa watalii, aliteleza juu ya mawe ya volkano akavunjika kifundo cha mguu. Harelimana alimfunga mgongoni kwa kitenge na kamba, akashuka naye hadi Kibati, chini ya mlima, akipumzika tu pale mvua ilipomnyima kuona njia. Walipoagana, Marit alimwachia mfuko wake wa kulalia. Baada ya hapo zilikuja salamu za Noeli, kisha kimya.

Halafu mlima ulifungwa. Vita vikafika Kibati walikoishi, na Harelimana na mkewe Nyiramahirwe wakakimbia na watoto watatu hadi kambi ya Kanyaruchinya, wakaishi chini ya turubai zaidi ya mwaka. Walipopata chumba Mabanga alianza kutengeneza mabegi na zipu, maana hiyo ndiyo kazi nyingine ambayo mikono yake iliijua. Hakulalamika. Ila alikuwa ameanza kuamini kwamba kazi ile aliyoifanya kwa nguvu zake zote imesahauliwa na kila mtu isipokuwa magoti yake. Sasa mtu wa mbali alikuwa ameikumbuka. Jioni ile, kwenye sala ya familia, alishukuru kwa muda mrefu, mpaka Nyiramahirwe akaimalizia sala yeye.

Marit alikuwa ameandika orodha ya vitu. Shule ingetoa mahema, viatu vikubwa na slei za kuvutia mizigo. Vingine kila mtu angekuja navyo: nguo za ndani za sufu, sweta nene, koti la manyoya ya bata, suruali ya kuzuia upepo, soksi, kofia, glavu kubwa, mfuko wa kulalia. Alikuwa ameongeza kwamba kama ni vigumu kupata, yeye atamwazima vyote. Harelimana alimwambia binti yake ajibu kwamba atakuja na vyake. Hakusema hivyo kwa majivuno. Katika kazi yake, mbebaji aliyefika bila vitu vyake aliwaongezea wenzake mzigo.

Wiki nne alizunguka kwenye caguwa, masoko ya nguo zilizovaliwa, siku za kufunguliwa mabalo, yale marobota ya mitumba. Wachuuzi walimzoea haraka, kwa kuwa alikuwa anauliza kitu ambacho hakuna mwingine anayekitaka chini ya jua la Goma, tena alikuwa na desturi ya ajabu. Kabla ya kununua sweta alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akaomba kiberiti, akauchoma. Uzi ukiyeyuka na kuwa shanga ndogo nyeusi, ni nailoni, alirudisha sweta. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu ya kweli. Mchuuzi mmoja alikataa kabisa nguo zake zichomwe. Lakini alipoelezwa safari yenyewe, alipanda juu ya lundo akaanza kuchagua naye, na ndiye aliyeona koti la manyoya ya bata chini ya mapazia. Lilikuwa limechanika begani. Harelimana alilishona kwa uzi mwembamba na kulipaka nta ya mshumaa kwenye mshono ili manyoya yasitoke.

Glavu hazikupatikana. Zile za sokoni zilikuwa za kuendeshea pikipiki. Aliamua kuzishona mwenyewe, kidole gumba peke yake na vinne pamoja, kitambaa cha turubai nje. Tatizo likabaki la ndani. Alikuwa bado anapima karatasi juu ya mkono wake wakati Nyiramahirwe alipoleta blanketi la kijivu walilopewa Kanyaruchinya wiki yao ya kwanza, wakati mtoto wao mdogo alikuwa anakohoa usiku kucha. Harelimana alimwambia hapana, ile haikatwi. Nyiramahirwe alikwishashika mkasi.

"Papa Umutesi, hii blanketi ilitufunika sisi wote watano," alisema. "Mikono miwili haitaishinda."

Akakata mwenyewe, kwa mstari ulionyooka, na Harelimana akaanza kushona glavu ya kwanza.

Pasipoti alikuwa nayo tangu zamani, ya safari moja ya mafunzo Uganda. Kwa visa ilimbidi aende Kigali. Kule mwanamke kijana nyuma ya kioo alimuuliza ni kitu gani kitamrudisha kwake. Alijibu kwamba ana mke, ana watoto watatu, na nyumbani kuna mabegi sita ya watu ambayo hayana zipu. Yule mwanamke aliandika kitu kirefu. Baada ya siku kumi na sita, visa ilitoka.

Basi vitu vyote vilikuwa tayari, ila jambo moja lilimnyima usingizi. Mfuko wa kulalia ulikuwa wa zamani, zipu ameibadilisha yeye, na kule juu ya Nyiragongo baridi huishia kwenye barafu nyembamba juu ya hema alfajiri. Marit aliandika moins vingt-cinq, nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Harelimana hakuwahi kukutana na namba hiyo, na hakutaka kukutana nayo mara ya kwanza mbele ya watu waliomchangia tiketi. Ndipo alipomkumbuka Mama Micheline.

Mama Micheline, mzaliwa wa Butembo, alikuwa msimamizi wa depo ya samaki wa kugandishwa karibu na soko la Virunga. Miaka kumi na minne alikuwa anaingia na kutoka chambre froide, kile chumba cha chuma chenye baridi kali, kilichojaa makatoni ya samaki aina ya mpiodi. Harelimana aliwahi kumshonea begi la shule la mwanawe. Alimweleza shida yake Jumamosi asubuhi, kofia mkononi. Mama Micheline alimsikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Papa Théo, unataka kulala na samaki yangu," alisema. "Na batu batasema nini nikikutoa mule umekufa?"

Walikubaliana hivi: mlango hautafungwa kwa komeo, yeye atakaa nje kwenye kiti, na kila baada ya robo saa atagonga chuma kwa kijiko. Harelimana akigonga naye, basi yuko hai. Akisitasita, anatolewa.

Alirudi nyumbani, akavaa kila kitu, soksi pea tatu, akatembea mbio kutoka Mabanga hadi depo kwa sababu ya aibu ya kuonekana barabarani na koti lile kwenye jua la saa nne. Kipimo cha mlangoni kiliandika moins dix-huit, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Aliingia, akatandika mfuko sakafuni kati ya makatoni, akalala. Kijiko cha kwanza alikijibu vizuri. Cha pili pia. Kabla ya cha tatu miguu ilikuwa imepotea, kama si yake, na meno yalikuwa yanagongana mwendo ambao hakuweza kuuzuia. Mama Micheline hakungoja hata jibu. Alifungua mlango, akamshika mkono, akamkalisha nje kwenye jua.

Harelimana hakuweza kumtazama. Miaka kumi na mitano amewafunga watalii makoti, amewaambia vaeni hivi, msivae vile, na leo ameshindwa kukaa na samaki hata saa moja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba afadhali amwandikie Marit asiende.

Mama Micheline alimletea chai ya moto na kumwambia avue soksi. Aliziweka juu ya kiti, akazibonyeza. Zilikuwa zimelowa.

"Baridi haikukukamata mu mabega, Papa. Imekukamata mu jasho," alisema. "Umekuja mbio, umeingia na maji mu mwili. Na hizi soksi tatu zimefunga damu. Mguu inataka nafasi."

Kisha akamfundisha kama mtu anavyomfundisha mwenzake wa kazi. Yeye kabla ya kuingia hukaa kwanza mpaka mwili utulie na ukauke, hata kama wateja wanapiga kelele. Baridi mbaya haitoki hewani, inapanda kutoka chini; ndiyo maana wapakiaji wake husimama juu ya katoni zilizokunjwa. Asipumulie ndani ya mfuko hata akisikia pua inauma, kwa maana pumzi ni maji. Na asiingie na njaa. Hapo akamletea sahani ya bugali na samaki wa kukaanga, akasimama pale mpaka akaimaliza.

Saa nane mchana Harelimana aliingia tena. Soksi pea mbili, kavu, zenye nafasi. Katoni nne chini ya mfuko, pua nje. Kijiko cha kwanza alikijibu, na cha pili, na cha tatu. Cha nne hakukijibu. Mama Micheline aligonga tena kwa nguvu zaidi, kisha akaufungua mlango kwa kishindo akiita jina la Bikira Maria, na wapakiaji wawili nyuma yake. Walisimama wakasikiliza. Harelimana alikuwa anakoroma.

Walimwacha. Alilala karibu saa mbili, na alipoamshwa alitoka akiwa na joto mpaka vidoleni. Alimshika Mama Micheline mikono yote miwili na kumshukuru. Mama akamwambia aende salama, na kwamba sasa anazuia biashara.

Siku ya safari, kwa kuwa ndege haziruki kutoka Goma, ilimbidi Harelimana avuke kwa miguu asubuhi mpaka wa Rwanda, apande basi Gisenyi. Nyiramahirwe na Umutesi walimsindikiza hadi kwenye Petite Barrière, kizuizi cha mpakani. Walikuwa wameshasali na kuagana wakati Mama Micheline alipotokea, aproni ya kazi bado kiunoni. Alikuwa amesikia kwamba kofia ya Harelimana ni ya nailoni. Alivua yake, ya sufu nzito ya kahawia, ambayo dada yake aliifuma Butembo, akampa. Harelimana aliuliza yeye atafanya kazi na nini. Akajibu kwamba dada bado ana vidole.

Ndege zilikuwa tatu. Katika ya mwisho, ndogo, Harelimana aliangalia chini kwa muda mrefu bila kuona taa hata moja. Marit alikuwa anamngojea, nywele zimekuwa nyeupe, anatembea vizuri kwa miguu yote miwili. Alimkumbatia mbele ya watu wote na kulia. Harelimana naye hakujizuia.

Kesho yake, katika ukumbi wa shule, kila mtu alimwaga vitu vyake sakafuni ili Marit avikague kimoja kimoja. Vijana wengine walirudishwa kubadilisha soksi. Alipofika kwa Harelimana aliinua glavu, akaingiza mkono, akakunja na kukunjua vidole. Aliuliza kwa Kifaransa zinauzwa wapi. Harelimana, kwa Kifaransa alichojifunza kwa watalii, alimweleza habari za blanketi na mkasi. Marit alizirudisha mahali pake taratibu, kisha akawaeleza wanafunzi wake kwa lugha yao. Katika vitu vya Harelimana hakubadilisha hata kimoja.

Usiku wa kwanza kipimo kilishuka hadi moins vingt-sept, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Kabla ya kuingia hemani Marit aliwakumbusha wote, kwa lugha yao na kwa Kifaransa: msiingie na jasho, tandikeni vizuri chini, kuleni kwanza, pua nje. Harelimana alicheka peke yake gizani, na kijana aliyelala naye akamuuliza kuna nini. Alimwambia kwamba mambo hayo amekwisha kuyasikia kwa mwalimu mmoja wa Goma. Akalala mpaka asubuhi.

Siku ya nne Marit aliwapandisha wote kilimani kabla ya adhuhuri. Tangu afike, Harelimana alikuwa hajaona jua. Kulikuwa na mwanga wa bluu saa chache tu, kisha giza. Vijana walisimama kwenye mstari wakitazama kusini, na yeye akasimama nao bila kujua wanangoja nini. Kisha ukingo wa jua ukatokea juu ya mlima wa mbali, mwekundu, mwembamba. Lilikuwa halijaonekana pale kwa karibu miezi miwili. Vijana walipiga makofi kwa glavu, wengine wakakumbatiana.

Harelimana alikuwa na jua kila siku ya maisha yake na hakuwahi kulipigia makofi. Alivua kofia licha ya baridi, akasema "Murakoze Mana", ile shukrani kwa Mungu aliyofundishwa na mama yake, akawataja kwa majina watu wa Goma mmoja mmoja, kisha wa pale, hata wale ambao majina yao hakuweza kuyatamka sawasawa.

Jua lilikaa kama dakika ishirini, likazama palepale lilipotokea. Marit akamwomba Harelimana atangulie kushuka, kwa sababu vijana wana haraka na mteremko ulikuwa na barafu. Alivaa kofia, akapima mguu wake wa kwanza, akaanza kushuka kwa mwendo wake wa polepole, na wote wakamfuata.